Kutoka Gedi hadi Mida

Msomaji, nakualika kwa matembezi. Vaa viatu vigumu, chukua kofia, chupa ya maji, daftari na kalamu. Ukipata darubini ya kuazima ni heri. Usipoipata, macho uliyozaliwa nayo yatatosha, kwa maana wazee wetu waliwajua ndege kabla ya darubini kufika pwani hii. Tutaanza asubuhi mapema kwenye magofu ya Gedi, au Gede kama wenyeji wengi waiitavyo, karibu na mji wa Malindi. Tutafuata ukingo wa msitu wa Arabuko-Sokoke. Kisha tutavuka barabara kuu iendayo Mombasa na kuteremka mpaka kwenye mikoko ya Mida, wakati maji yanapokupwa. Njia hii nimeipita tangu utotoni, nami sijaichoka.

Huenda ukaniuliza, "Mwalimu, hili ni somo la historia au la viumbe?" Swali lako ni la haki. Lakini jaribu kulitazama neno lenyewe. Katika Kiswahili cha zamani, neno ndege halikuwa na maana ya kiumbe chenye mabawa tu; lilikuwa na maana ya fali pia. Msafiri aliyeanza safari yake akaona dalili nzuri alisema amepata ndege njema. Aliyeona dalili mbaya alirudi nyumbani akaahirisha safari. Leo neno lilo hilo ni la chombo cha chuma kipitacho juu ya Malindi kikiwa kimejaa wageni. Neno moja limebeba imani ya kale na ufundi wa kisasa. Basi mtu asikwambie kwamba ndege hawana historia.

Tuingie magofuni. Ndani ya ukuta wa nje wa Gedi mna eneo la ekari 45 hivi. Humo utaona msikiti mkuu, jumba la mtawala, nyumba za mawe zilizopangwa kwa ustadi, visima, na makaburi, moja katika hayo likiwa limeandikwa mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399. Watu wa mji huu walikula katika vyombo vya kauri vilivyotoka Uchina, wakavaa shanga zilizotoka mbali. Hata hivyo Wareno, waliofika Malindi mwaka 1498 na kukaa huko karibu miaka mia moja, hawakuutaja mji huu kwa jina la Gedi katika maandishi yao, ingawa ulikuwa jirani yao. Mwanzoni mwa karne ya 17 ulikuwa umekwisha kuhamwa. Sir John Kirk aliyatembelea magofu haya mwaka 1884. Mwaka 1927 yakatangazwa kuwa mahali pa kuhifadhiwa. Na tangu mwaka 1948 James Kirkman aliyachimba na kuyachunguza kwa miaka mingi. Mwaka 2024 Gedi iliingizwa katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia.

Kwa nini watu waliondoka? Wengine hutaja vita vya Mombasa na Malindi, wengine uvamizi wa Wazimba wa mwaka 1589, wengine msukumo wa Waoromo kutoka kaskazini. Kirkman aliona kwamba kisima kilicho karibu na msikiti mkuu kiliongezwa kina, akahisi kwamba maji ya ardhini yalikuwa yakishuka. Mimi naegemea upande wa maji. Mji waweza kujengwa upya baada ya vita, lakini mji usio na maji hata adui hautaki. Wewe unaweza kufikiri vingine. Ushahidi uko mbele yako, nenda ukachungulie kisimani.

Ninalotaka ulione hasa ni lile lililotokea baada ya watu kuondoka. Inua macho ulitazame lile pambo la mizizi juu ya ukuta wa jumba. Huo ni mkuyu. Haukupandwa na mtu, kwa kuwa hapana mtu mwenye akili apandaye mti juu ya ukuta wake. Ulipandwa na ndege. Alikula tunda mahali pengine, akaja akatua juu ya ukuta usiokuwa na mwenyewe, akaiacha mbegu hapo pamoja na samadi yake. Mbegu ikaota, mizizi ikatafuta ufa, ufa ukawa mlango. Hivyo ndivyo msitu ulivyourithi mji: tunda kwa tunda, kwa muda wa miaka 300 na zaidi, na wafanyakazi wake wakiwa hondohondo, kulukulu, ninga na shorewanda. Wanahistoria huandika juu ya wale waliojenga Gedi. Hawa walioijenga mara ya pili ni nadra kutajwa.

Sasa nyamaza kidogo, usikilize. Je, wasikia mtoto mchanga analia juu ya miti? Usiogope. Huyo ni hondohondo wa aina moja ambaye kilio chake hakitofautiki na cha mtoto aliyenyimwa ziwa. Jike lake, wakati wa kutaga ukifika, huingia katika tundu la mti, na mlango huzibwa kwa udongo mpaka ubaki ufa mwembamba tu. Humo hukaa wiki nyingi, akilala juu ya mayai na kulea, na dume humletea chakula na kumpitishia katika ufa. Dume akifa, nyumba nzima ina njaa. Watu wa kale waliopita hapa usiku, wakaona kuta tupu chini ya mbalamwezi na wakasikia vilio vya namna hii alfajiri, hawakuwa wajinga kusema kwamba mji una mashetani. Na hofu hiyo ilikuwa na faida yake. Watu waliacha kukata kuni humo, na miti ikasimama. Hali kadhalika katika makaya ya Wamijikenda, ambako sheria ya wazee na heshima ya makaburi viliilinda miti kuliko askari yeyote. Baadhi ya makaya hayo yaliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2008.

Lakini hofu ni mlinzi asiyeaminika. Iliyoulinda mti ndiyo iliyomwua bundi. Hapa sina budi kukusimulia jambo ambalo sipendi kulikumbuka.

Nilipokuwa na umri wa miaka tisa, bibi yangu aliugua. Usiku wa pili wa ugonjwa wake, bundi alitua juu ya mkwaju nyuma ya nyumba akalia. Usiku wa tatu akarudi. Hapana mtu mzima aliyesema neno, lakini sisi watoto tuliona jinsi walivyotazamana. Asubuhi yake tulimtafuta, tukamkuta amejibanza penye shina, amefumba macho, manyoya yake yamefanana na gome la mti. Tulikuwa wavulana wanne. Sitasema jiwe la nani lilimwangusha, ila nakwambia kwamba langu lilikuwa miongoni mwa yale yaliyompata. Alipoanguka alifumbua macho akatutazama, nayo yalikuwa ya rangi ya kahawia nzito, wala hayakuwa na ubaya wowote ndani yake. Bibi akapona baada ya siku tatu. Kijiji kizima kikatusifu, nasi tukatembea kama watu waliokiua kifo.

Mwaka uliofuata bibi alikufa. Hapakuwa na bundi. Nililala macho usiku ule wote nikisikiliza mkwajuni, nikasikia panya tu, na panya walikuwa wengi mno mwaka ule. Walikuwa wameimaliza nusu ya mahindi yetu ghalani. Ilinichukua miaka mingi kuyaunganisha mambo hayo mawili.

Twende zetu. Jua limepanda.

Tukitoka magofuni tunapita kijijini, na hapo kwenye kituo cha magari utawaona kunguru wakigombea maganda na mabaki ya chakula. Watazame vizuri, maana ni wa namna mbili. Yule mkubwa mwenye kifua cheupe, kama aliyevaa kanzu chini ya joho, ndiye mwenyeji wetu wa asili. Yule mwembamba mwenye shingo ya kijivujivu ni mgeni kutoka Bara Hindi. Aliletwa Unguja katika miaka ya 1890 ili ale takataka za mji. Akala takataka, kisha akala vifaranga, mayai ya ndege wengine na kila kilichoachwa wazi. Mwaka 1947 alionekana Mombasa, na tangu hapo amefuata barabara na majalala mpaka kwetu. Wazee husema kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake. Huyu hakuwahi kuwa mwoga. Mwaka 2024 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori lilitangaza mpango wa kuwaangamiza kunguru hao wapatao milioni moja. Zingatia jambo hilo, msomaji: watu walimleta ndege awasaidie, na miaka 130 baadaye wengine wanagharimia kumwondoa. Mwenyewe hakuomba kuletwa.

Baada ya kijiji, msitu. Arabuko-Sokoke una ukubwa wa kilomita za mraba 420 hivi, nao ndio msitu mkubwa kuliko yote iliyobaki ya aina yake katika pwani ya Afrika Mashariki. Zamani msitu wa namna hii ulikuwa mkanda mrefu ukifuata pwani. Sasa vimebaki vipande vipande, na hiki ndicho kipande kikubwa. Serikali ya kikoloni iliutangaza kuwa msitu wa Taji mwaka 1932. Usisahau hali ya nyakati zile. Mwaka 1914 Wagiriama walikuwa wamepigana na serikali hiyo iliyowataka watoe vijana wa kazi na wahame ng'ambo ya kaskazini ya mto Sabaki. Mekatilili wa Menza, aliyewaapisha watu wasikubali, alikamatwa akapelekwa mbali hadi Kisii. Kwa hiyo serikali ilipochora mpaka kuuzunguka msitu na kusema "msiingie", watu waliona kuwa ni mkono ule ule uliowanyang'anya ardhi. Uchungu huo haukuisha Uhuru ulipopatikana mwaka 1963.

Mjomba wangu ni mmoja wa watu hao. Shamba lake lilipakana na msitu. Nyani walikuja mchana, tembo wakaja usiku, na mahindi aliyoyapanda kwa jembe la mkono yaliliwa katika saa moja. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 majirani wengi wa msitu walitaka ukatwe, ardhi igawanywe watu walime, naye alikuwa akisema hivyo waziwazi barazani. "Ndege hamlishi mtu," aliniambia zaidi ya mara moja, hata baada ya mimi kuwa mwalimu. Nami sikuweza kumjibu upesi, maana yeye alikuwa amelala na njaa kwa ajili ya tembo na mimi sijalala.

Jibu lililokuja halikuja kwa maneno. Mwaka 1993 ulianzishwa pale Gedi mradi uitwao Kipepeo. Wakulima wa kando ya msitu walifundishwa kufuga vipepeo wa msituni, kuwalisha majani ya miti yao, na kuuza vifukofuko vyao, ambavyo husafirishwa Ulaya na Marekani kwa nyumba za maonyesho. Mti usipokuwapo, kipepeo hayupo, na fedha hakuna. Watu waliokuwa wakiutazama msitu kama ghala la adui walianza kuutazama kwa jicho jingine. Si wote. Mjomba wangu alijaribu kufuga kwa muda, akaacha. Akasema kazi ya kuwalisha viwavi ni ya watu wasio na shughuli. Namheshimu, lakini katika hilo nadhani alikosea.

Msitu huu una aina za ndege zaidi ya 230. Sitakutajia zote, ningefanya hivyo ungelifunga daftari lako. Nitakutajia wawili tu.

Wa kwanza ni mnana mmoja, mweusi mgongoni na wa manjano tumboni, ambaye hukaa makundi makundi katika vilele vya mirihi. Alielezwa katika maandishi ya wataalamu mwaka 1913 akapewa jina la Clarke. Sasa fikiri: mnana ni ndege ambaye kiota chake hakifichiki. Mnana wa kawaida hujenga mjini, juu ya mnazi wa mtu, kwa kelele zinazowaamsha majirani. Lakini mnana huyu wa Clarke alionekana msituni miezi kadha, kisha akatoweka, na hapana mtaalamu aliyejua anakwenda kutagia wapi. Ukapita mwaka, ikapita miaka 10, ikapita 50. Vitabu viliandikwa na kuchapishwa upya, na katika fungu la kiota chake paliandikwa kwamba hakijulikani. Mwaka 2013, miaka 100 kamili baada ya kuandikwa kwake, viota vilipatikana. Havikuwa juu ya miti. Vilikuwa katika pori la Dakatcha, kaskazini ya Sabaki, vimefumwa katika manyasi ya bwawa la msimu ambalo hujaa maji mvua inyeshapo na kukauka isiponyesha.

Nilikuwa nikisomea ualimu chuoni habari hiyo ilipotufikia. Nakumbuka nilisimama nje ya bweni nikiwa nimeshika gazeti, na mwenzangu akaniuliza kama nimefiwa. Nilikuwa nimepigwa na haya. Kwa miaka 12 ya shule nilikuwa nimefundishwa, nami nikajiandaa kuwafundisha wengine, kwamba dunia imekwisha kuvumbuliwa na Wazungu, na kazi yetu sisi ni kukariri. Kumbe kulikuwa na jambo ambalo vitabu vyote vya London na New York havikulijua, nalo lilikuwa katika bwawa ambalo mvulana wa Dakatcha angeweza kulifikia akichunga mbuzi. Nani ajuaye ni wavulana wangapi walioviona viota vile kabla ya 1913 na baada yake? Hawakuulizwa, na wao hawakuandika.

Hapo ndipo penye jambo ninalotaka ulishike. Soma majina ya ndege wetu katika vitabu vya kigeni: wengi wana majina ya watu. Kulukulu wa pwani hii, yule mwenye mabawa mekundu kama moto anaporuka, ana jina la Gustav Fischer, daktari Mjerumani aliyesafiri pande za Lamu na mto Tana. Simlaumu Fischer. Aliona, akaandika, na aliyeandika ndiye akumbukwaye. Lakini mwaka mmoja niliwaambia wanafunzi wangu wa kidato cha kwanza waandike majina ya ndege wote wanaowajua kwa Kiswahili au kwa lugha ya nyumbani. Wengi waliandika kuku, bata, kunguru, njiwa na bundi, kisha wakaanza kutafuna kalamu. Mmoja aliandika "ndege ya Kenya". Tulicheka, lakini usiku nilipokuwa nikisahihisha sikucheka.

Kwa maana majina yapo. Dudumizi, ambaye sauti yake ni kama maji yamwagikayo kutoka chupa yenye shingo nyembamba, na ambaye watu humsikiliza ili wajue kama mvua i karibu. Chozi, mdogo kama kidole gumba, anyonyaye maji ya maua. Hua na ninga. Kororo, kanga wa msituni mwenye kishungi cha manyoya. Kigong'ota, fundi seremala. Yangeyange, afuataye ng'ombe. Kila jina kati ya haya ni hati ya historia: mtu fulani alikaa, akatazama kwa muda mrefu, akasikia, akalinganisha, akatunga neno, na wenzake wakalikubali. Kazi hiyo si ndogo kuliko ya Fischer. Kinachosikitisha ni kwamba hati hii imeandikwa vinywani mwa wazee tu, na wazee hawakai.

Ndege wa pili nitamwacha kwanza, maana yeye hatoki mchana. Tuvuke barabara, uangalie magari.

Mida ni mkono wa bahari uingiao ndani, umezungukwa na mikoko. Maji yanapokupwa, tope na mchanga huachwa wazi, nao hujaa kaa, chaza na minyoo. Ukifika hapo kati ya Septemba na Aprili, utaona ndege wa ufukoni kwa maelfu: vitwitwi wadogo wakikimbia kama shanga zilizokatika uzi, sululu mwenye mdomo mrefu uliopinda, membe wakipiga kelele angani. Wengi wao hawakuzaliwa hapa. Kuna kitwitwi mmoja azaliwaye Siberia, kaskazini kabisa mwa dunia, ambako wakati wa kiangazi chao jua halitui. Ukimwona mwezi wa Novemba ni wa kijivu. Mwezi wa Aprili, karibu na safari, amevaa wekundu wa udongo, kama bwana harusi.

Lakini mgeni ninayempenda zaidi ni yule mweupe mwenye mgongo mweusi, miguu mirefu na mdomo mnene kama patasi, mla kaa. Makwao ni pwani na visiwa vya Ghuba, Oman na Bahari ya Shamu. Katika ndege wote wa ufukoni wa ukoo wake, yeye peke yake huchimba shimo refu mchangani akataga yai lake ndani, na joto la mchanga humsaidia kuliatamia. Kisha huja kwetu pamoja na kinda lake, na hapa Mida utalisikia kinda hilo, ambalo limekwisha kuruka safari ndefu juu ya bahari, likimlilia mzazi alipe kaa. Nimewaona wanafunzi wa kidato cha nne wenye tabia hiyo.

Sasa ukumbuke somo lako la pepo za msimu. Kaskazi ilivuma, majahazi ya Oman na Ghuba yakashuka pwani yetu na tende, chumvi, samaki mkavu na mazulia. Kusi ilipoanza kuvuma yakarudi na boriti za mikoko, pembe na nafaka. Biashara hiyo ilidumu karne nyingi, ikaujenga mji wa Gedi, ikaifanya lugha hii tunayoizungumza iwe kama ilivyo. Wakati huo wote ndege huyu alikuwa akisafiri kati ya pwani zile zile, akishuka na kupanda karibu na nyakati zile zile. Majahazi yamekoma. Kenya ilipiga marufuku kuuza boriti za mikoko nchi za nje mwaka 1982, na hata kabla ya hapo meli za moshi zilikuwa zimekwisha kuwashinda manahodha. Msafiri wa mwisho wa njia ile ya kale ambaye bado anaitumia kwa mabawa ni huyu mbele yako, anayevunja gamba la kaa.

Na hapa pia fedha huingia. Palijengwa daraja la mbao lipitalo katikati ya mikoko mpaka penye kibanda cha kutazamia ndege. Wageni hulipa kidogo ili wapite, na tangu mwaka 2001 uko mpango unaotumia mapato ya namna hiyo, pamoja na michango, kuwalipia karo ya sekondari watoto wa majirani wa msitu na wa Mida. Binti wa mjomba wangu alisomeshwa kwa mpango huo. Mjomba alipopelekewa barua alinitazama, akaikunja, akaitia mfukoni, akasema, "Kumbe tembo wanarudisha mahindi." Lakini msimamo wake kuhusu msitu haujabadilika, nami sikudai ubadilike.

Nimekuahidi ndege wa pili. Ndani sana ya Arabuko-Sokoke, upande wa udongo mwekundu, ambako miti ni mifupi na imeshikamana, yuko bundi mdogo ambaye kimo chake hakizidi sana kalamu yako. Huweza kuwa wa kahawia au wa kijivu, na mchana hukaa wawili wawili, wamebanana kitawini kama majani makavu. Hakuwa ameandikwa katika kitabu chochote cha wataalamu mpaka mwaka 1966. Uhuru ni mkubwa wake kwa miaka mitatu! Baadaye alionekana pia chini ya milima ya Usambara, Tanzania. Waliomchunguza katika miaka ya 1990 walikadiria kwamba katika msitu wetu palikuwa na jozi 1000 hivi. Jozi elfu moja. Shule tatu kubwa za Kenya zina wanafunzi zaidi ya hapo.

Mwaka juzi niliwapeleka wanafunzi 14 wakamsikilize. Tulikwenda na mwongozaji mzaliwa wa kando ya msitu, ambaye anaweza kumwiga bundi huyo kwa mluzi hata akajibiwa. Tulisimama njiani jua lilipokwisha kutua. Mwongozaji akapiga mluzi, akangoja, akapiga tena. Kisha sauti ikaja, ya chini, yenye kurudiwarudiwa kwa kipimo kimoja, kama mtu agongaye mzinga mtupu mbali msituni. Wanafunzi wakatulia. Mmoja wao, kijana niliyejua kwamba mama yake alikuwa amelazwa hospitalini tangu wiki ile, aliinama taratibu akaokota kitu njiani. Ulikuwa usiku, lakini mwanga ulitosha niweze kuona kwamba ni jiwe.

Sikusema kitu. Nilisimama karibu naye, karibu kiasi cha kusikia pumzi zake. Bundi alilia kwa muda wa dakika kumi hivi, akanyamaza, akalia tena upande mwingine, mbali zaidi. Mwongozaji alituashiria turudi garini. Tulitembea katika mstari, na yule kijana alikuwa mbele yangu. Jiwe lilikuwa bado mkononi mwake tulipofika barabarani.